Fimbo Mbili za Nairuzi

Mwalimu hakupanda ngazi za umeme hata siku moja. Pale stesheni ya treni ya Takoma watu wanasimama tu wabebwe, yeye anapinda kona kwenda kungoja lifti pamoja na kina mama wenye vigari vya watoto. Nilimwuliza, mbona lifti nayo inabeba? Akaniambia lifti ni chumba kinachonuka mkojo, na humo mtu hawezi kujiona mfalme. Hatari ni zile ngazi. "Unapanda umesimama, mikono mfukoni, unawatazama walio chini. Hivyo hivyo ndivyo alivyoanza Jamshidi."

Jamshidi mwenyewe ni mfalme wa Waajemi, wa kwenye hadithi za kale kabisa. Watu wa Unguja wanaomkumbuka sultani wao mwenye jina hilo wasinipigie simu, siye. Huyu wa Mwalimu alitawala miaka mia saba, na katika enzi yake hakuna mtu aliyezeeka wala aliyekohoa. Aliwafundisha watu kufuma nguo, kufua chuma, kufyatua matofali. Kisha akawaamuru majini wakinyanyue kiti chake mpaka juu, kikang'aa, na watu waliokiona wakasema leo ni siku mpya. Siku hiyo mpya ndiyo Nairuzi, na Nairuzi hiyo ilisafiri, kwa njia ambazo Mwalimu alikuwa tayari kukueleza mpaka chai yako ipoe, ikafika kijijini kwao kusini mwa Unguja, ambako wanaiita Mwaka Kogwa.

Mimi ni mtu wa Morogoro, Mlutheri, na kabla ya kuhamia huku Marekani, kwenye jengo letu la Takoma Park, sikuwa na habari na mfalme yeyote wa Uajemi. Mwalimu alikaa ghorofa ya kwanza na mkewe, mimi ya tatu na binti yangu Neema. Kwao alisomesha historia. Huku alikaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari mjini, akipokea tiketi za watu kupitia kidirisha, mpaka macho yalipomsaliti. Niseme mapema, mtu asije akadhani nasimulia kwa utulivu: huyu mzee katika miaka yake ya mwisho alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mwanawe aje ampige. Nilimwona akikingoja kitu hicho mwaka baada ya mwaka.

Inabidi ujue desturi yenyewe. Kwao siku ya Mwaka wanaume hutoka uwanjani wakapigana kwa mashina ya migomba, na si maigizo. Mwenye kinyongo na jirani, na ndugu, hata na baba yake, humshushia siku hiyo kwa mapigo na matusi, na aliyepigwa hurudisha. Wanawake hawapigi. Wao hupita wakiimba nyimbo za kusuta. Halafu kibanda cha makuti kinachomwa moto, wazee wanatazama moshi unaelekea wapi, watu wanakoga, wanakula, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inaonewa huruma.

"Kinyongo kilichopigwa kimekufa," alikuwa akisema. "Ambacho hakikupigwa kinaingia mwaka mpya nawe, kinakula sahani moja na weye."

Sasa kautafute mgomba Maryland. Mwalimu alizunguka maduka yote ya Waafrika na ya Wasalvador, akarudi na majani ya migomba yaliyogandishwa kwenye barafu, ya kufungia chakula. Mwaka uliofuata akajaribu mabua ya mahindi, na Baba Espoir, jirani yetu kutoka Bukavu, akachanika sikio. Ndipo siku moja dukani, tukiwa tunanunua sabuni, akaona zile fimbo ndefu za sponji, za rangi ya waridi na ya kijani, wanazoelea nazo watoto kwenye mabwawa ya kuogelea. Akaichomoa moja, akaibonyeza, akajipiga nayo pajani mbele ya watu. Akanigeukia uso umemng'aa.

"Huu ni mgomba," akasema.

Basi Julai ile, kwenye bustani kando ya kijito cha Sligo, wanaume wazima kumi na wawili walijipanga pande mbili wameshika sponji za rangi. Baba Espoir alisita.

"Mwalimu, hii ni fête ao ni bagarre?"

"Sherehe na ugomvi, yote mawili."

"Bon. Basi mi niko na kinyongo juu ya parking." Akamgeukia Mkenya wa ghorofa ya pili, dereva wa teksi, akamtandika mgongoni.

"Wacha hizo, buda!" Mkenya akapiga kelele, kisha akarudisha mara tatu, na kwa kila pigo alitaja tarehe ambayo gari la Baba Espoir lilikuwa limeziba njia.

Mama mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa akapiga simu. Polisi wawili walikuja mbio, mikono kiunoni, wakawakuta watu weusi wanapigana na moshi unafuka kwenye jiko la kuchomea nyama, maana kibanda cha makuti tulikitengeneza kwa maboksi tukakichomea humo. Mwalimu, badala ya kunyanyua mikono kama mtu mwenye akili, alimnyooshea yule polisi mkubwa fimbo ya waridi amkaribishe. Aliyetuokoa ni Neema wangu, wakati huo ana miaka minane. Alisogea mbele akasema, "They're saying sorry." Wanaombana radhi.

Polisi akamtazama mtoto, akatutazama sisi, akasema siku njema. Mwalimu alimsifu Neema wiki nzima kwa tafsiri hiyo. Hata hivyo neno hilo alilolisifu sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake, kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine.

Kila Jumamosi alisomesha watoto kwenye chumba cha chini cha jengo letu, nyuma ya mashine za kufulia. Watoto wa Kikongo, wa Kikenya, wa Kitanzania, kila mmoja na Kiswahili cha mama yake, na wote wakijibu kwa Kiingereza. Nilimwambia pale chini kuna giza na harufu ya sabuni, tuombe ukumbi wa kanisa. Alikataa. Alisema Jamshidi alipoonywa kwamba inakuja baridi itakayoua kila kitu, alichimba chini ya ardhi akatia humo mbegu bora ya kila mti na watu wa kila namna, wakakaa mpaka theluji ikayeyuka. "Na hichi ndicho chumba chetu," akasema, huku mashine ya mtu inatetemeka nyuma yake.

Kuhusu baridi alikuwa kichekesho. Wazee wa pwani wanahesabu mwaka kuanzia Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi wanaiita mwongo, na kwa miongo hiyo wanajua mvua itanyesha lini na pepo zitageuka lini. Mwalimu aliileta hesabu hiyo Marekani nzima nzima bila kuipunguza. Asubuhi ananisimamisha mlangoni: "Leo mwongo wa kumi na tano, usichukue koti." Natoka bila koti, naganda. Jioni namkuta, namwambia Mwalimu umeniua. Anatazama theluji dirishani kwa hasira kama anamtazama mwanafunzi aliyechelewa. Hakuwahi kukubali kwamba hesabu ndiyo iliyokosea.

Hakusema na mashine. Ukimpigia mtu simu asipokee, unaacha ujumbe; yeye alikata. "Sisemi na kitu kisichoweza kunijibu," akasema. Alimsalimia kila dereva wa basi, akamsomea barua jirani asiyejua kusoma, akampelekea uji mgonjwa asiyempenda. Na mtu huyo huyo aliweza kukaa miezi minne bila kuongea na mtu aliyemwita kwa jina lake bila kumwita Mwalimu. Nilimpenda, lakini hakuwa mtu rahisi, na watu wanaosema marehemu wote walikuwa wapole wananichosha.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya kuanguka kwa mfalme. Alishikilia kwamba Jamshidi hakuangushwa na jeshi. Aliangushwa na sentensi moja. Aliwakusanya wakubwa wake akawaambia: yote haya ni mimi, nani mwingine? Pale pale utukufu uliokuwa umemkaa kichwani ukageuka ndege ukaruka. Haukuondoka mara moja. Uliondoka mara tatu, kwa sababu, alisema Mwalimu, hata utukufu unaona vigumu kumwacha mtu. Baada ya hapo akawa mtu wa kujificha, miaka mia anahama hama, mpaka adui alipomkuta akampasua kwa msumeno. Watoto walipenda msumeno. Mwalimu aliwarudisha kila mara kwenye sentensi. "Msumeno ulikuwa umeshafanya kazi siku nyingi," akasema.

Na yeye alikuwa na sentensi yake.

Mwanawe, Haji, ndiye aliyewaleta huku baba na mama yake. Anafanya kazi ya kompyuta huko Herndon, karibu na uwanja wa ndege. Kijana mrefu, mpole, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Mwalimu mwenyewe, enzi za amani yao, alinisimulia kwa kicheko jinsi Haji akiwa na miaka saba alivyotoka uwanjani siku ya Mwaka akampiga yeye baba yake na kipande cha mgomba, kwa shoto, akampata sikioni upande asioutazamia. "Sikuiona inakuja! Na kosa langu? Nilimchinjia jogoo wake!"

Mama yake Haji aliugua figo. Alilala hospitalini wiki nyingi, na kila aliyekwenda kumtazama alimwambia jambo moja: nirudisheni kwetu nikafie kwetu. Hakurudishwa. Alifia huku. Kwenye makaburi ya Waislamu sisi wanawake tulisimama kando ya magari, lakini siku ile hakukuwa na upepo na tulisikia yote. Haji alivua viatu ili ashuke kaburini kumpokea mama yake, kama inavyompasa mtoto. Mwalimu akamwekea mkono kifuani.

"Weye usishuke. Umemleta kufa huku, inatosha. Nitamzika mimi."

Watu waliinamisha vichwa. Haji alishika viatu vyake, akapita katikati yetu bila viatu, soksi zimejaa udongo, akaingia garini akaondoka. Mzee wa miaka sabini akashuka kaburini mwenyewe na jamaa wawili wa mbali.

Toka siku hiyo Haji aliwasiliana nasi majirani, sio na baba yake. Matumizi alilipa, dawa alilipa, sauti hakuileta. Na Mwalimu? Nairuzi ya kwanza baada ya msiba alikuja bustanini na fimbo mbili. Ya waridi yake, ya kijani aliiegemeza kwenye benchi. Mtu akitaka kuichukua, anamzuia: "Ina mwenyewe." Tulipiga, tukachoma maboksi, tukala pilau, na fimbo ya kijani ikarudi nyumbani ina karatasi ya dukani bado. Ikawa hivyo mwaka wa pili. Ikawa hivyo wa tatu. Alikuwa akikaa ameelekea maegesho, na kila gari la kijivu, kama la Haji, likiingia alinyanyuka nusu.

Nilimwambia, Mwalimu, mpigie simu. Umwambie tu.

"Nimwambie nini? Siku yake ipo. Aje anipige, nami nimpige, yaishe. Desturi ipo kwa ajili hiyo."

"Kule Haji alikozoea hakuna desturi. Kuna simu."

Akanitazama kama nimetukana.

Sasa nitasema langu, maana nilimeza kwa miaka mingi na wahenga hawakukosea: mwenye kovu usidhani amepoa. Neema alipokuwa na miaka tisa, siku moja darasani Mwalimu alimtaka asimulie habari ya bibi yake. Mtoto akaanza kwa Kiswahili, akakwama, akamalizia kwa Kiingereza. Mwalimu akawageukia wenzake akasema, "Mbegu hii imeoza." Watoto wakacheka. Neema alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akajifungia bafuni, na tangu siku hiyo hakusema neno la Kiswahili. Si kwa Mwalimu tu. Kwa yeyote. Mama yangu kule Morogoro akipiga simu ya video, mjukuu anakaa mbele ya kamera anatabasamu kama picha, na mama yangu anaongea peke yake, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, mtoto ana nini na mimi?

Sikumwambia Mwalimu kitu. Nilimwamkia shikamoo, nikampelekea chapati. Unamwambiaje mtu mzima kama yule? Na siku ya Mwaka wanawake hawapigi, wanaimba tu, na mimi nyimbo zao sizijui.

Kisukari kilimla taratibu. Kwanza macho, halafu vidole vya mguu wa kulia, halafu mguu. Nafanya kazi ya kuuguza katika nyumba ya kulelea wazee Gaithersburg, na nafasi ilipopatikana nilihangaika mpaka akaletwa upande ninaouhudumia mimi, nimwone kila zamu. Chumba chake kilikuwa cha chini, dirisha linatazama maegesho ambayo hakuyaona. Vitu alivyokuja navyo ni msahafu, redio, na fimbo mbili za sponji. Wenzangu walidhani ni za mazoezi ya viungo wakaziweka kwenye kona pamoja na magongo.

Mle ndani alihesabu miongo kwa vidole, maana kalenda haioni. Julai ilipokaribia alianza kuniuliza kila siku kama Haji anajua. Nilimpigia Haji kutoka maegesho, nimekaa garini, bado nimevaa sare.

"Haji, baba yako hatafika Nairuzi nyingine."

"Mama yangu naye hakufika Zanzibar."

"Ni nusu saa tu. Barabara ya 270 Jumamosi ni nyeupe. Uje, umguse na sponji, uondoke."

"Siwezi, Mama Neema. Honestly, sina hiyo nguvu. Haoni, si ndiyo? Basi mpige wewe. Mwambie ni mimi nimekuja."

"Nimdanganye?"

"Atalala vizuri. I'm sorry." Akakata.

Nilikaa mle garini nikimchukia kwa dakika tano nzima. Kisha nikaona sina wazo bora kuliko lake.

Siku ya Mwaka, saa nane mchana, nilimkuta ameshavalishwa kanzu, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, mikono juu ya blanketi. Alikuwa amemwomba mwenzangu wa asubuhi amnyoe. Alikuwa amekonda kiasi kwamba kofia ilimshukia masikioni. "Amefika?" akauliza.

Kwenye nyumba ile, kumgusa mgonjwa kwa chochote kinachofanana na kumpiga ni kupoteza cheti, pengine na kufikishwa mahakamani, na cheti kile ndicho kinacholisha watu Takoma na Morogoro. Nilifunga mlango, nikavuta pazia. "Amefika," nikasema. Nikaenda kwenye kona nikachukua fimbo ya kijani. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imening'inia.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nikapiga begani. Sponji ilitoa sauti kama mto unaokung'utwa.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka katika macho yale yasiyoona. Nikapiga ya tatu, nikijiambia ni ya mwisho. Akanyoosha mkono akaishika fimbo, akaifuata kwa vidole mpaka akafika kwenye mkono wangu, kwenye glavu.

"Haji anapiga kwa shoto," akasema.

Nilisimama pale kama mwizi wa kuku.

"Alikwambia unidanganye?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole, hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Ana haki. Sikiliza, Mama Neema. Haji alishanunua tiketi. Mbili, mimi na mama yake. Nilizuia mimi. Nilitaka kwanza nile kiapo cha uraia, nirudi kijijini nikiwa mtu, si mlinzi wa magari. Nikamwambia mke wangu wiki mbili tu. Akafa katika wiki ya pili." Alipumua. "Pale kaburini watu wote walinitazama, nikasema ni yeye. Jamshidi alisema yote ni mimi. Mimi nilisema si mimi. Sijui ipi ni mbaya zaidi."

Na Haji alilijua hilo siku zote. Alipita katikati yetu na soksi za udongo, na hakusema.

"Ndege wa kwanza alikuwa Haji," akasema. "Wa pili macho. Wa tatu yumo humu chumbani, namsikia." Kisha akageuza uso kwangu, sawasawa kama ananiona. "Na weye? Pigo la tatu lile halikuwa la Haji. Una nini nami?"

Wallahi sikukusudia. Ilinitoka yote, nikiwa nimesimama na sare: Neema, mbegu, bafuni, mama yangu kwenye simu anaongea peke yake. Nilisema mambo ambayo mtu hamwambii mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema mbegu imeoza?"

"Ulisema."

"Sikumbuki," akasema. "Mtoto yule aliyenitafsiria kwa polisi. Sikumbuki hata kidogo. Lakini piga."

"Wanawake hawapigi."

"Nani yupo hapa wa kutuuliza? Piga."

Nikapiga. Si mara moja. Nililia kwa sauti huku nampiga mzee wa mguu mmoja na sponji ya kuogelea, na yeye anasema haya, haya, kama anambembeleza mtoto. Kisha akaomba fimbo, akaipapasa, akanigusa nayo shavuni kidogo tu. "Hii ya kutaka kunidanganya siku ya Mwaka. Yameisha."

Akaniomba nimpigie Haji. Simu iliita, iliita, ikaingia mashine. Nilitaka kukata. Akanizuia, akaishika simu kwa mikono miwili karibu na mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema na kitu kisichoweza kumjibu.

"Haji. Ni baba yako. Tiketi nilizuia mimi. Nilikusingizia mbele ya watu, na kwa mama yako. Nimekosa. Nikifa, kaburini ushuke weye. Mtu mwingine asinipokee. Haji, nimekungoja." Mashine ikalia, ikakata.

Akaniambia, "Sasa nikogeshe." Nikaleta maji ya vuguvugu nikamkogesha kichwa mpaka unyayo uliobaki, kama ninavyofanya kila zamu. Akalala kabla sijamaliza kumfuta.

Haji hakupiga siku ile, wala wiki ile. Mwalimu aliishi siku thelathini na nne. Kila asubuhi aliuliza mara moja tu kama simu imelia, kisha haulizi tena mpaka kesho. Jioni moja nilimleta Neema, sasa ni msichana mkubwa. Alikaa kitandani kwake akamshika mkono, na mzee akaomba, "Niseme nini unisamehe?" Neema hakujibu kwa lugha yoyote. Lakini hakuutoa mkono. Hicho ndicho tulichopata, na sitakiongezea chumvi.

Tulimzika makaburi yale yale. Tulisimama kando ya magari. Gari la kijivu lilikuja mwisho kabisa, na Haji akashuka, akavua viatu, na mara hii hakuwepo wa kumwekea mkono kifuani. Alishuka kaburini. Alikaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka Baba Espoir, ambaye ni Mkatoliki na hakuwa na kazi pale, akapiga magoti ukingoni akamnyooshea mkono.

Watu walipotawanyika alinijia. Udongo ulikuwa umemfika magotini.

"Ile message," akasema. "Nimeisikiliza leo asubuhi. Niliiacha. Nilijua tu ataniomba niende, na nilijua nikisikia sauti yake nitaenda. Siku thelathini na nne, Mama Neema. Ilikuwa mfukoni mwangu."

"Na mambo ya tiketi. Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Ningemsema baba yangu kwa watu?"

Kisha akauliza kama baba yake alimngoja. Nilitaka kumdanganya alale vizuri, nikakumbuka nilivyofanya siku ile ya Mwaka. Nikafungua buti la gari nikamwonyesha ya kijani, karatasi ya dukani bado ipo. Aliichukua kwa shoto. Alisimama nayo hivyo, anageuka huku na huku kati ya magari, mtu mzima amevaa suti, anatafuta wa kumpiga. Hakuna aliyekuwepo. Akanirudishia.

"Nipige wewe," akasema, akainama.

Wanawake wote walikuwa wanatutazama. Nikaishika kwa mikono miwili, nikampiga begani, moja, ya baba yake.

"Tena," akasema.